Bega Nililolitibu Bila Kuligusa

Wengi wenu mnaokuja kunitembelea hapa Kizwite, mkishaniamkia na kukaribishwa kiti, macho yenu yanahamia kwenye mikono yangu. Nimelizoea hilo. Mmeambiwa na walimu wenu kwamba Sumbawanga yuko bibi aliyefanya kazi ya kunyoosha viungo hospitalini mpaka akastaafu, ana mikono ya ajabu, akikushika bega maumivu yanakimbia yenyewe. Basi mnaitazama. Wengine mnaomba niwashike kidogo, nami nawashika, kwa sababu nyote mna mabega yaliyopanda mpaka masikioni kwa kuinamia simu.

Juzi msichana mmoja wa chuo alinionyesha kwenye hiyo simu yake bwana wa nchi za nje, amevaa koti jeupe, kamlaza mgonjwa ubavu, kalishika bega, kalivuta mpaka likalia: ka! Mgonjwa analia na kucheka kwa pamoja. "Bibi, hii ndiyo kairopraktiki," akaniambia. "Na wewe ulikuwa unafanya hivi?" Nikamwambia nilikuwa nafanya, tena vizuri kumzidi huyo bwana, maana yeye anaonekana akimvuta mgonjwa lakini haonekani akimuuliza kitu. Akacheka. Kisha akaniuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa tangu nistaafu: ni bega gani nililolitibu vizuri zaidi katika maisha yangu ya kazi? Nikamjibu kuwa ni lile ambalo sikuligusa.

Alidhani namtania. Chai ilikuwa imeshapoa na basi lake lilikuwa linaondoka, kwa hiyo hakupata hadithi yenyewe. Ninaiandika hapa, yeye aipate na nyinyi wengine muipate.

Kazi nilifundishwa chuoni, lakini mikono nilipewa na Sista Adelina. Alikuwa mtawa mfupi, mkali, mwenye viganja vipana, aliyesomea ng'ambo kunyoosha maungo kwa mikono. Nilipofika Sumbawanga na cheti changu kipya na majivuno yangu, hakuniruhusu kumvuta mgonjwa yeyote. Alinifunga macho kwa kitambaa, akaniwekea mkono wa mgonjwa kwenye viganja, akasema, "Uinue polepole. Uniambie bega linakataa wapi." Nikainua. Nikasema, "Hapa, Sista." Akasema, "Hapo mgonjwa ameshauma meno. Limekataa zamani, wewe hukusikia." Tulirudia hivyo mpaka nikaanza kusikia kabla ya meno.

Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo naona kwenye vyuo vyenu linapitwa haraka. Mgonjwa wa bega akiingia, usimkimbilie. Mwambie avue koti, kisha nyamaza umtazame. Huku kwetu Ufipa baridi haina likizo, kila mtu ana koti, na koti litakusimulia mambo mengi kabla hujauliza. Anayetoa mkono mzima kwanza, halafu akaliacha koti liteleze lenyewe upande wa pili, huyo bega lake limeganda au liko njiani kuganda. Anayevua vizuri halafu akakunja uso wakati wa kulitundika msumarini, huyo shida yake ni kwenye mishipa ya juu, pale mkono unapopita usawa wa sikio. Na anayevua bila tabu yoyote, akatundika, akakaa, na bado anasema bega linamuua, huyo mtazame mara mbili.

Nilimpata mmoja wa namna hiyo, mvuvi kutoka Wampembe. Bega la kushoto. Mkono unainuka mpaka juu, unazunguka, unarudi nyuma, hakuna mahali unapokataa. Nikasema huyu amevuta sana nyavu, nikaanza kukunja mikono ya gauni nimnyooshe. Sista akanizuia, akamuuliza, "Baba, linauma ukifanya nini?" Mvuvi akajibu, "Nikipanda kilima, Sista. Nikipumzika linaacha." Sista alimshika mkono akampeleka kwa daktari mwenyewe. Ulikuwa moyo. Bega halina habari na kilima, wajukuu zangu. Likiuma kwa sababu ya kilima, ondoa mikono yako.

Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha tu. Nilikuwa nawaambia akina mama wanaolima matuta, "Mama, acha jembe mpaka upone." Nilisema hivyo kwa kila aliyekuja, kwa sauti ya kitabu. Mama mmoja wa Kifipa alinitazama toka chini mpaka juu, akaniuliza, "Nikiacha, utakuja kunilimia wewe?" Kuanzia hapo nikawa nawafundisha kubadilisha mikono kwenye mpini, wa kulia ukitangulia tuta hili, wa kushoto utangulie lile, na wasiliinue jembe kupita kichwa kana kwamba wanaua nyoka. Hilo walilifanya, kwa kuwa halikuwanyang'anya shamba.

Sasa nije kwa mgonjwa wangu.

Mimi ni Mnyakyusa, nimezaliwa Rungwe, na nimeolewa na Mnyakyusa mwenzangu, Mwalimu Lusajo. Serikali ilituleta huku sote wawili, yeye kwenye chaki, mimi kwenye viungo. Kwa desturi ya wazee wetu, mwanamke na baba wa mumewe hawaonani. Wanaheshimiana sana, na heshima yenyewe ndiyo hiyo. Humtazami usoni, hukai naye chumba kimoja, hamzungumzi ana kwa ana, jina lake hulitaji. Mkikaribia kukutana njiani unapinda, na yeye anapinda pia. Najua siku hizi wengi wameilegeza desturi hiyo na wakwe wanapiga picha pamoja kwenye harusi. Baba mkwe wangu hakuilegeza hata uzi mmoja, na mimi nilimpenda kwa hilo. Ameshalala sasa, Mungu amrehemu, lakini jina lake mtaniwia radhi, siliandiki hata hapa. Nitamwita Mzee wa Laela.

Alihamia Laela, kwenye barabara ya Mbeya, kulima mahindi akiwa mtu mzima, kwa sababu alisikia ardhi ya huku haijachoka. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti refu jeusi na viatu vilivyopigwa rangi hata siku ya palizi. Mkewe alipofariki, alibaki na maksai wake wawili, na hao ndio waliomfanya aamke asubuhi. Akija mjini alifikia kwa muumini mwenzake, Lusajo anamfuata huko, mimi napeleka chakula kwa mkono wa mtu. Tuliishi hivyo miaka mingi na wala sikuona pungufu.

Msimu mmoja wa kulima, maksai walishtuka wakiwa kwenye plau, wakaruka mbele, mnyororo ukamvuta mkono wa kulia. Hakuvunjika. Bega lilimuuma, naye akafanya kile ambacho kila mtu hufanya: aliulinda mkono. Aliutia kwenye mfuko wa koti na hakuutoa tena. Wengine huufunga kwa kanga shingoni, yeye aliutia mfukoni, lakini ni yale yale. Bega ukilinyima mwendo kwa miezi, ile ngozi laini iliyolizunguka ndani inasinyaa na kushikana, na siku utakapoutaka mkono utakuta umefungiwa. Mahindi yalipovunwa, Mzee wa Laela alikuwa hawezi kuvaa wala kuvua lile koti bila kusaidiwa na jirani.

Watoto wake wakaitana kikao nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage, mlango uko wazi, nasikia yote. Shemeji yangu mkubwa, aliyekuja kutoka Mbeya, alizungumza kama mtu aliyekwisha amua njiani. "Baba hawezi tena kulima. Maksai wauzwe kabla ya mvua, nyumba ya Laela ifungwe, mzee aje akae hapa kwa Lusajo."

Nikaacha maharage. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi mwembamba mmoja, na choo kiko uani. Nikamuona akilini mzee wa watu kajifungia chumbani, anategea nitoke ili aende chooni. Nikajiona mimi nakohoa kwenye kila kona ya nyumba yangu kama mwizi mstaarabu. Nilisikitika kwa ajili yangu, sifichi. Lakini nilisikitika zaidi kwa ajili yake, maana Lusajo alisema neno moja tu, na sauti yake ilikuwa imekatika: "Baba mkimtoa kwa maksai wake, hamalizi mwaka."

Nikaita kutoka jikoni, "Mpeni mpaka mvua!"

Shemeji akauliza, "Mpaka mvua, halafu?"

"Halafu mkono ukiwa haujainuka, mtauza."

Wageni walipoondoka, Lusajo alikuja jikoni akaegemea mlango. Sista Adelina alikuwa amesharudi kwao uzeeni, na hospitalini pale mtaalamu wa viungo nilikuwa mimi peke yangu. Mzee alikuwa ameshakataa kwenda Mbeya. Alisema hawezi kupanda basi kutafuta kwa wageni kitu ambacho mkamwana wake anacho.

"Sasa utamshikaje?" Lusajo akaniuliza.

"Simshiki. Utamshika wewe."

Kwa hiyo kila jioni baada ya chakula, Mwalimu Lusajo alijifunza kazi yangu kwenye bega langu mwenyewe. Mikono yake ilizoea chaki na fimbo. "Unanishika kana kwamba unafuta ubao," nikamwambia. Akapunguza. "Sasa unanishika kana kwamba nimeungua." Akakasirika, akaenda kusahihisha madaftari, akarudi. Nilimfundisha aweke kiganja kimoja kwenye bapa la mgongoni, ule mfupa mpana wa nyuma ya bega, maana bega haliinuki peke yake, lile bapa linasafiri nalo, na mgonjwa aliyeganda hupandisha bapa lote ili kukudanganya kuwa mkono umeinuka. Nilimfundisha kuanza na kitambaa cha moto, kungojea nyama zilegee, kusogeza kidogo kidogo na kuacha kabla ya uso kukunjwa. Nilimfunga macho kwa kitenge changu na kumuuliza linakataa wapi. Katika miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kucheka namna ile.

Chumba changu cha kazi kilikuwa kimegawanywa kwa ukuta wa mbao ambao haukufika dari. Upande mmoja kitanda cha wagonjwa, upande wa pili meza yangu na birika. Ukuta ulimzidi mtu mrefu kimo, na ungetaka kuushika ukingo wa juu ilibidi unyooshe mkono mpaka mwisho. Siku ya kwanza nilijifungia upande wa meza. Nikasikia wanaingia, nikasikia kitanda kinalia, Lusajo akagonga mbao kunijulisha kuwa tayari.

"Mwambie mgonjwa avue koti," nikasema.

"Si amekusikia?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Baba, vua koti."

Nguo ikakwaruza. Kisha pumzi za mtu anayehangaika.

"Ameanza na mkono upi?"

"Mzima. Huu wa pili ngoja nimsaidie..."

"Usimsaidie! Niambie tu koti limekwama wapi."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi niliyezoea kupata kila jawabu kwa vidole, ilinibidi niulize. Muulize analalia upande gani. Muulize linauma zaidi akigeuka usiku au akiinua mkono mchana. Muulize mkono anauweka wapi akitembea. Kwa maswali hayo ndipo nilipojua habari ya mfuko wa koti. Kama ningekuwa na bega lake mikononi mwangu, ningelinyoosha vizuri sana, angetoka pale ameridhika, na angeurudisha mkono mfukoni kabla hajafika stendi.

Nilimkataza mfuko. Nikampa mazoezi ya kufanyia nyumbani. La kwanza, kuinama na kuegemea meza kwa mkono mzima, ule mgonjwa uning'inie, na mwili ndio uyumbe, mkono ufuate. La pili, kusimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, kimoja kimoja, mpaka pale panapokataa, apumue, ashuke. Akija kwangu alilifanya hilo kwenye ule ukuta wa mbao, na hapo ndipo nilipogundua kuwa nimepata kipimo. Kucha zake zilikuwa zinakwaruza mbao, nami upande wangu nilisikia zinapoishia. Siku ya kwanza ziliishia usawa wa sikio langu nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Akawa anakuja kila wiki. Lusajo aliendelea kuiva, mikono ikawa mikono. Maumivu yakapungua, mzee akaanza kulala. Lakini kucha zilikuwa zinaishia palepale, usawa wa sikio langu. Upepo ulishageuka, watu wa Laela walishaanza kusafisha mashamba, na shemeji alikuwa ameshaleta habari kuwa mnunuzi wa maksai yupo.

"Muulize kama anafanya mazoezi nyumbani," nikasema.

"Anasema anafanya."

Hapa shikeni kitu kimoja, kitawasaidia maisha yenu yote. Mgonjwa usimuulize kama anafanya mazoezi. Atakujibu ndiyo kwa adabu tu, hataki kukuvunja moyo. Muulize anayafanyia wapi.

"Muulize anayafanyia wapi."

Mnong'ono. Lusajo akakohoa. "Anasema nyumba yake iko kando ya barabara. Kila anayepita anaona. Anasema mzee wa kanisa hawezi kusimama mchana kweupe anapanda ukuta kwa vidole kama mjusi. Na ndani kuna giza na vihenge vya mahindi vimejaa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Ningeweza kumkaripia. Wengi wenu mngemkaripia, mngempa na karatasi yenye michoro. Lakini aibu ya mtu mzima ni kitu kikubwa kama mfupa, ukiipuuza haitibiki. Nikakaa nikaifikiria ile nyumba ya Laela ambayo sikuwahi kuingia, nikajiuliza huyu mzee anasimama wapi pasipo mtu wa kumcheka. Na jibu lilikuwa nje, limefungwa kwenye mti, linatafuna mabua.

"Mwambie mgonjwa," nikasema, "maksai wake wana kupe."

"Maksai wangu hawana kupe!"

Sauti ilikuwa nzito, ya hasira, na haikuwa ya Lusajo. Ilipita juu ya ukuta moja kwa moja ikanifikia mimi. Ndilo neno la kwanza Mzee wa Laela kuwahi kuniambia, na alilisema kuwatetea ng'ombe wake. Nilijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Upande wa pili Lusajo alikuwa anakohoa kikohozi ambacho nakijua, hakikuwa kikohozi.

Nilipopata pumzi nikasema, "Mwambie mgonjwa awatafute hivyohivyo. Asubuhi na jioni. Atumie mkono wa kulia. Aanze tumboni, apande mbavu kwa vidole, kimoja kimoja, apekue kila unyoya mpaka mgongoni. Kutoka mgongoni apande nundu. Pale panapokataa apumue, asilazimishe. Kisha akaribie, avushe mkono juu ya mgongo, atafute upande wa pili."

Halafu Lusajo, kwa sauti ya mtu anayejikaza: "Anauliza, na akimkuta huyo kupe?"

"Amtoe."

Nani atamcheka mzee anayetafuta kupe kwenye maksai wake? Watu walipita barabarani wakasema mzee yule anatunza mifugo, hebu muone. Lusajo alikwenda Laela siku moja bila kuaga, akamkuta amesimama kifua wazi kwenye jua la asubuhi, anapekua nundu, na maksai amefumba macho kwa raha. Mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa anapitisha ng'ombe zake alisimama naye pale pale, akaanza kupekua za kwake.

Wiki iliyofuata kucha zilipita usawa wa sikio langu. Iliyofuata nilisimama ili nizisikie. Nilikuwa nasimama upande wangu nimeegemeza kichwa kwenye mbao, natega, na zile kucha zinapanda, zinasita, zinapanda. Simwambii mtu kuwa kazi ya kungojea ni rahisi. Nilizoea kuvuta, kusukuma, kufanya kitu. Pale sikuwa na la kufanya ila kusikiliza mtu mzima anarudishiwa mkono wake kwa kazi yake mwenyewe.

Siku ya mwisho kabla ya mvua, mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya mji, na shemeji alikuwa amekuja. Alikaa kwenye benchi la nje ya chumba changu, anangoja kusikia. Lusajo alimaliza kukanda. Nikasema, "Mwambie mgonjwa apande ukuta."

Kucha zikaanza. Zikapita sikio langu, nikiwa nimesimama. Zikapita kichwa changu. Zikasimama. Nikasikia pumzi yake, nikasema moyoni, inatosha, mwache, hata hapo inatosha kushika plau. Zikaenda tena. Halafu juu ya ukingo wa mbao nikaona vidole. Kwanza kimoja cha kati, halafu viwili, halafu vyote vinne vikaushika ukingo, vimekunjika upande wangu. Vilikuwa vidole vinene, vimepasuka, na kwenye kucha kulikuwa na weusi wa ngozi ya ng'ombe.

Desturi haikusema lolote kuhusu vidole. Nilivitazama. Vilikuwa karibu sana, ningeinua mkono tu ningevifikia, na mikono yangu yote ya kazi ilitaka kuvishika, si kwa sababu ya tiba. Huyu alikuwa baba wa mume wangu, na kwa miaka yote ile hicho ndicho kipande pekee cha mwili wake nilichowahi kukiona kwa karibu. Nikairudisha mikono nyuma ya gauni. Machozi yakanitoka nikaacha yatoke.

"Mwambie mgonjwa," nikasema, "mwambie amefika."

Lusajo hakumwambia kitu. Hakukuwa na haja.

Nilisikia koti likivaliwa bila kukwama. Nilisikia mlango. Shemeji, Lusajo alinisimulia baadaye, aliinuka kwenye benchi akamtazama baba yake anafunga vifungo mwenyewe mpaka cha juu, akamuuliza, "Baba, tunakwenda kula wapi?" Habari ya mnunuzi haikutajwa tena, siku ile wala siku nyingine. Mvua ikashuka, na Mzee wa Laela akalima.

Baada yake nilibadilika kazini. Mikono niliendelea kuitumia, na ninawasihi mjifunze kuitumia, tena mjifunze kwa mtu, simu haina bega. Bega likiwa limelegea na linahitaji kunyooshwa, nilinyoosha, na hata lile "ka!" mnalolipenda nilijua lini linafaa na lini ni upuuzi. Lakini nilianza kuketi kwanza na kuuliza: koti lako unalitundika wapi, jembe unalishikaje, nyumbani kwako ukisimama wapi hakuna anayekucheka. Mama wa Kizwite anayeuza vitumbua nilimpa kazi ya kuanika nguo kwenye kamba iliyopandishwa kidogo kila wiki. Fundi cherehani alipaka chokaa ukuta wa duka lake polepole, mwezi mzima, na duka likapendeza.

Mwaka uliofuata, mahindi yakiwa yamefika magotini, nilipanda basi kwenda Mbeya kwenye harusi. Lusajo alikuwa amempigia baba yake kumwambia nitapita, nadhani kwa kumpa habari tu. Tulipofika Laela basi likasimama, wauza karanga na mahindi ya kuchemsha wakazunguka madirisha. Mimi nilikaa upande wa mashamba. Na pale, ng'ambo ya mtaro, kando ya maksai wawili waliong'aa, alisimama mtu mrefu wa koti jeusi, ameipa barabara mgongo.

Nilimtambua kwa koti. Yeye alijua basi lipi. Aligeukia shamba kwa sababu mimi nilikuwa nyuma yake, kama inavyopasa, nami nikainamisha macho kama inavyopasa, lakini si mpaka chini.

Akavua koti. Alilivua taratibu, mkono wa kulia kwanza, bila kusaidiwa na mtu, kwenye ule upepo wa baridi. Kisha akalishika kwa mikono miwili akaliinua juu ya kichwa, juu kabisa, viwiko vimenyooka, mabega yako sawa, bapa la kulia na la kushoto yamepanda pamoja kama nilivyomfundisha mwanawe kuyatazama. Akabaki hivyo, amenipa mgongo, koti linapepea.

Konda akatoa kichwa mlangoni. "Mzee! Unapanda?"

Mzee hakugeuka wala hakushusha mikono. Abiria wakaanza kuchungulia, mmoja akasema labda mzee wa watu hasikii. Konda akataka kushuka amfuate.

"Twende, mwanangu," nikamwambia. "Hapandi. Ananisalimia."